Kila mpira ni mlango: jinsi ya kumlinda mgonjwa wa ICU na maambukizi anayoyapata akiwa mikononi mwetu

Mdogo wangu nesi uliyepangiwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, mwezi huu, karibu sana. Naandika hii kwa ajili yako, na kwa ndugu wa wagonjwa pia maana huko chini kuna sehemu yenu, na ni mambo ninayoyafanya kila nikiingia shifti na ninayowaelekeza wote wanaokuja kazini na mimi.

Kitu cha kwanza uelewe ni hiki. Mtu analetwa ICU na ugonjwa mmoja, ajali ya bodaboda, kifafa cha mimba, nimonia, kiharusi, amekunywa sumu, na mara nyingi ule uliomleta tunaanza kuushinda siku ya 3 au ya 4, ndugu wanaanza kutabasamu pale mlangoni, afu siku ya 7 homa inapanda, makohozi yanakuwa ya kijani, presha inashuka, unakuta sasa tunapigana na kitu kingine kabisa ambacho hakuja nacho, amekipata hapa hapa kwetu. Mwili una walinzi wake. Ngozi inazuia, kikohozi kinatoa uchafu kwenye mapafu, mate yanasafisha mdomo, mkojo ukitoka unasukuma vijidudu nje. Sisi ili tumwokoe inabidi tuwaondoe walinzi hao wote kwa mpigo, tunapitisha mpira kooni, tunamlaza usingizi hakohoi tena, tunatoboa ngozi kwa kanula, kile kimrija cha dripu, tunaweka mpira wa mkojo, na kila mpira tuliouweka ni mlango tumeufungua wenyewe. Kwa hiyo kazi yako ni kulinda milango, na kila siku kuuliza, huu bado tunauhitaji au tuufunge?

Hatua ya 1: Mikono, na hapa usinikimbie

Najua unasema mikono tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza. Sawa, lakini simama katikati ya wodi nusu saa tu uangalie watu wanavyofanya. WHO, Shirika la Afya Duniani, wametoa nyakati 5: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kuchoma dawa au kugusa mpira, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hiyo ya 5 ndo inatuangusha. Alamu inalia kitanda cha 3, unakimbia unabonyeza kitufe cha mashine, afu unarudi kitanda cha 2 kuendelea na saksheni, kule kunyonya makohozi, na kichwani mwako hujamgusa mgonjwa yeyote, umegusa kitufe tu. Lakini hicho kitufe kimebonyezwa na kila mtu tangu asubuhi, wengine wakiwa wametoka kumsafisha mtu choo. Vijidudu kama Klebsiella na Acinetobacter wanaishi kwenye vitu kama hivyo, Acinetobacter anakaa siku nyingi tu juu ya sehemu kavu akimsubiri wa kumbeba.

Sanitaiza ni sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe, sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60. Dole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole ndo panaporukwa. Pete vua, saa vua, kucha fupi na za bandia hapana. Kama mikono ina uchafu unaoonekana au mgonjwa anaharisha, sanitaiza haitoshi, nenda kwenye sabuni.

Glavu sio mikono mipya. Glavu moja mgonjwa mmoja kazi moja, ukitoka kumsafisha chini huendi mdomoni kwake na glavu hizo hizo, na usizipulizie spiriti ukaendelea nazo kwa mgonjwa mwingine, ukivua unasafisha mikono tena. Maji yakikatika, na yanakatika, weka ndoo yenye koki na beseni la kupokea maji chini, maji yawe yanatiririka, sio watu wote kuchovya mikono kwenye beseni moja na kujifuta taulo moja lililoning'inia hapo tangu jumatatu. Hospitali ikisema sanitaiza imeisha, ongea na watu wa famasi, ile fomula ya WHO inatengenezwa hapo hapo: kwa lita 10 unachukua ethanoli ya 96% mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya 3% mililita 417, gliseroli ya 98% mililita 145, unajazia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita 10, unaiacha saa 72 ndipo itumike. Wanachohitaji ni vifaa vya kupimia na mtu anayejali.

Hatua ya 2: Kichwa cha kitanda juu

Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kichwa cha kitanda kiwe digrii 30 hadi 45, ili vya tumboni na vya kooni visirudi vikateremka mapafuni. Kama kitanda hakina kipimo cha digrii usikisie kwa macho, macho yanadanganya sana hapa, watu wanaamini wameweka 30 kumbe ni 15. Pima ubao wa kitanda unaoinua mgongo kwa futi kamba, kama una sentimita 80 basi ncha yake ya juu ikipanda sentimita 40 hiyo ndo digrii 30, bandika kipande cha plasta ukutani hapo na kila mtu ataona.

Hatari kubwa ni wakati wa kumwogesha au kubadili shuka, tunamlaza chali kabisa na chakula cha mpira wa puani bado kinaingia, afu mtu anaitwa pembeni na kitanda kinabaki hivyo. Simamisha chakula kwanza ndipo ulaze, ukimaliza inua ndipo ufungulie. Aliyeumia uti wa mgongo usimkunje, inamisha kitanda chote kizima miguu chini kichwa juu, na wa presha ya chini sana muulize daktari kwanza.

Hatua ya 3: Kinywa, mpira wa kooni na saksheni

Nimonia ya mashine, yaani inayompata aliye kwenye mashine ya kupumulia, inaanzia mdomoni. Meno yasiyopigwa mswaki siku mbili tatu yanaota utando mzito wenye vijidudu, mate yanakusanyika nyuma ya koo juu ya kile kiputo cha hewa kinachoziba pembeni ya mpira, na kidogo kidogo yanapenya pembeni. Kwa hiyo mswaki. Mswaki mlaini wa mtoto, maji kidogo, angalau mara 2 kwa siku, huku mkono mwingine umeshika saksheni, unasugua meno, fizi, ulimi, unanyonya kila kinachotoka, na katikati ya hapo unalowanisha midomo isipasuke. Zamani tulikuwa tunasukutua kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kila mtu, lakini miongozo ya Marekani ya mwaka 2022 haipendekezi tena hiyo dawa mdomoni kwa wagonjwa wa mashine, wanasema mswaki bila klorheksidini. Kwangu mimi ni habari njema maana mswaki wa kawaida ndugu ananunua duka la karibu na geti.

Kiputo cha mpira wa kooni presha yake iwe sentimita 20 hadi 30 za maji, ipime kila shifti kwa kile kipimo chake, ikilegea mate yanashuka, ikizidi inaua nyama ya koromeo. Kubonyeza kwa vidole ukasema "iko sawa" sio kupima. Hama mpira upande mwingine wa mdomo kila siku na uangalie kamba ilipopita, pembe za midomo na nyuma ya masikio zinachubuka kimya kimya.

Saksheni fanya mgonjwa anapohitaji, yaani unasikia mkoromo, unaona makohozi, oksijeni inashuka, sio kila saa kwa sababu saa imefika. Mpe oksijeni 100% kwanza, katheta safi isiyoguswa popote, unene wake usizidi nusu ya upenyo wa mpira, ingia bila kunyonya, toka ukinyonya, usizidi sekunde 15. Usimwagie sailini (maji ya chumvi) kwenye mpira kama mazoea. Ukimaliza mdomoni usirudi na katheta hiyo hiyo kwenye mpira. Mabomba ya mashine huna haja ya kuyabadili kila siku mbili, badili yakichafuka au yakiharibika, ila yale maji yanayojikusanya kwenye bomba yamwage upande usio wa mgonjwa kabla hujamgeuza, maana ukiinua bomba bila kuangalia umemwagia mapafuni maji yenye vijidudu.

Hatua ya 4: Kila asubuhi uliza, leo anaweza kuamka?

Njia nzuri kuliko zote ya kuzuia nimonia ya mashine ni kumtoa kwenye mashine. Kwenye raundi muulize daktari kama tunaweza kupunguza dawa ya usingizi leo, akiamka na akitulia tunamjaribu kupumua mwenyewe. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba hivyo viwili vikifanywa pamoja kila siku wagonjwa wanatoka kwenye mashine mapema na wengi zaidi wanaishi. Ni kweli mgonjwa aliyelala fofofo anakupa usiku mtulivu, lakini mpe dawa ya maumivu ya kutosha kwanza, wengi wanaohangaika wanaumwa tu na hawawezi kusema. Kuna wasiofaa kupunguziwa, wenye degedege lisilotulia au presha ya ubongo iliyopanda, hao daktari ataamua.

Hatua ya 5: Kanula na mpira wa mshipa mkubwa

Hapa nakupa habari moja ya Michigan, Marekani. Daktari Peter Pronovost na wenzake waliingia kwenye ICU zaidi ya 100 na orodha ya mambo 5 tu: nawa mikono, vaa gauni na glavu na barakoa na umfunike mgonjwa shuka safi lote, safisha ngozi kwa klorheksidini, kwepa mshipa wa kinena ukiweza, toa mpira usiohitajika. Maambukizi ya damu yakashuka kutoka wastani wa 7.7 kwa kila siku 1000 za mpira mpaka 1.4 ndani ya miezi 18, wakachapisha mwaka 2006. Dawa mpya haikuwepo hapo. Kilichokuwepo ni nesi kupewa ruhusa ya kumsimamisha daktari akiruka hatua. Najua kwetu hilo ni gumu, daktari bingwa ana haraka na wewe una mwezi mmoja kazini, lakini kuna namna ya kulisema, "Samahani dokta, naomba tufunike na huku chini kwanza, nimekuletea shuka hili." Mimi sijawahi kugombezwa kwa hilo, na kama ningegombezwa ningelisema tena kesho.

Mpira ukishawekwa, ulinzi ni wako. Pale unapochoma dawa sugua kwa spiriti sekunde 15 ukikaza kama unakamua chungwa, acha ikauke, ndipo uchome. Plasta ya kuona ndani badili kila siku 7, ya gozi kila siku 2, ikilowa au ikibanduka badili saa hiyo hiyo hata kama ulibadili asubuhi. Andika tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika. Mrija wa dripu ya kawaida unakaa siku 4 na usizidi 7, wa damu unatolewa ndani ya saa 4, wa propofoli, dawa ya usingizi, kila saa 6 hadi 12 maana ile dawa ina mafuta na vijidudu vinaipenda sana. Chupa ya sailini ya kuflashi, yaani kusafishia mirija, ya wagonjwa wanne kwa sindano ile ile au hata kwa chupa ile ile iliyotobolewa, tafadhali, hapana.

Kanula ya mkononi nayo iangalie kila shifti, pakiwa pekundu, pamevimba au panauma ukibonyeza, itoe. Iliyowekwa kwa haraka barabarani au mapokezi bila usafi itoe ndani ya saa 48 uweke nyingine.

Hatua ya 6: Mpira wa mkojo

Mfupi huu. Mfuko uwe chini ya kibofu muda wote, hata kwenye machela akipelekwa CT skani, lakini usiguse sakafu. Usiukate mfumo, usichomoe mpira kwenye mfuko kupima mkojo, toa kwenye bomba la chini. Mwaga ukifika robo tatu hivi, chombo cha kila mgonjwa kiwe chake. Funga mpira pajani usivutike. Osha pale mpira unapoingilia kwa sabuni na maji kila siku. Na kila asubuhi uliza una kazi gani, maana mpira huu ndo unaosahaulika kuliko yote, unakuta mgonjwa ameshaamka, anakunywa uji, anaongea, na mpira uko siku ya 11 kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hatua ya 7: Kumgeuza, na kisogo chini ya rasta

Kila saa 2 mgeuze, kushoto, chali, kulia, kwa mwinamo wa digrii 30 na mto mgongoni, sio kumlaza ubavu kabisa akakalia mfupa wa nyonga. Visigino vielee, weka mto chini ya ndama za miguu. Mnyanyueni watu wawili kwa shuka, msimburute, kuburuta kunachuna ngozi. Shuka na khanga chini yake zisiwe na mikunjo, na usiache kifuniko cha sindano au waya wa monita chini ya mgongo. Akichafuka msafishe hapo hapo, kausha, paka mafuta ya kuzuia unyevu. Ukiona wekundu, bonyeza kwa kidole, usipopauka hicho tayari ni kidonda kinaanza, kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu, tafuta pagumu, pa moto au pa rangi tofauti na pembeni yake. Na pale usipasugue kwa masaji, unazidi kuharibu.

Hili la kisogo nalisema kwa uchungu. Tulikuwa na mama mmoja kijana wa kifafa cha mimba, amejifungua salama, yuko kwenye mashine, amesukwa rasta nzuri ndefu za kwenda kujifungulia, zimefungwa fundo moja nyuma. Tulimgeuza vizuri, mgongo wake ulikuwa safi, makalio safi, visigino safi, nilikuwa najivunia ngozi yake. Siku ya 6 nikiwa napiga mswaki nikasikia harufu. Nikainua kichwa, nikatenganisha rasta na vidole, na pale kisogoni palikuwa na kidonda ukubwa wa shilingi 200, cheusi katikati, kinatoa maji. Fundo la nywele lilikuwa limembonyea siku zote hizo na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameweka mkono huko ndani. Alipona, akaamka, akambeba mwanae, lakini pale nywele hazikuota tena, na kila akija kliniki anafunga kitambaa. Tangu siku hiyo mgonjwa akiingia mwenye rasta au wigi tunaongea na ndugu tunazifumua siku ya kwanza, na kila nikimgeuza mtu natia vidole kisogoni nikapapasa mpaka ngozi.

Hatua ya 8: Mambo 7 ya kutaja kwenye raundi kwa kila kitanda

Daktari Jean-Louis Vincent wa Ubelgiji mwaka 2005 alitoa orodha fupi ya kukumbuka kwenye kila mgonjwa mahututi, sisi tumeibandika ukutani kwa kiswahili: chakula, maumivu, usingizi, damu kuganda, kichwa cha kitanda, vidonda vya tumbo, sukari. Taja yote hata kama daktari ana haraka.

Chakula kianze ndani ya saa 24 hadi 48 kwa mpira kama utumbo unafanya kazi na presha imetulia, hakikisha mpira uko tumboni kabla ya kumimina chochote, kusikiliza hewa kwa stethoskopu peke yake hakutoshi, pima asidi au eksirei. Uji wa ndugu uliokaa kwenye chupa ya chai tangu alfajiri mpaka saa 8 mchana usiuweke.

Damu kuganda miguuni kunaua ghafla, mgonjwa ambaye jana alikuwa anaendelea vizuri. Uliza kuhusu dawa za kuzuia hilo, heparini au enoksaparini, dozi na ruhusa ni ya daktari maana wenye damu inayovuja au waliotoka upasuaji wa kichwa hawapewi ovyo, kwao kuna soksi za kubana zenye mashine, na wote wakunjie na kuwakunjulia miguu. Ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzie sema saa hiyo. Dawa ya kuzuia vidonda vya tumbo kama omeprazoli ni kwa walio kwenye mashine zaidi ya saa 48 au wenye damu isiyoganda vizuri, hatari ikiisha isimamishwe, asiondoke nayo nyumbani miezi 6.

Sukari, tunaanza insulini ikivuka 10 (mmol/L), na hatuhangaiki kuishusha mpaka 5. Watu walikuwa wanaibana sana, mpaka utafiti wa mwaka 2009 wenye wagonjwa zaidi ya 6000 ukaonyesha waliobanwa sana ndo waliokufa zaidi. Kushuka sukari kwa mtu aliyelala usingizi wa dawa huwezi kukuona kwa macho, hatoki jasho ukamwelewa, hasemi njaa, kwa hiyo pima.

Hatua ya 9: Macho, masikio na akili yake

Aliyelazwa usingizi hapepesi. Macho yakibaki wazi nusu yanakauka mpaka kioo cha jicho kinachubuka, mtu anapona ICU anatoka haoni vizuri. Kila shifti futa kwa gozi na sailini kuanzia upande wa pua kwenda nje, gozi moja jicho moja, weka mafuta ya macho, hakikisha kope zimefunga, na wakati wa saksheni usipitishe katheta yenye makohozi juu ya uso wake.

Afu ongea naye. Ukifika kitandani msalimie kama ungemsalimia nyumbani kwao, "Shikamoo baba, mimi ndo nesi wako leo, sasa hivi ni saa 1 asubuhi, mvua imenyesha, nakugeuza upande wa kushoto." Wengine wanasikia, na wakiamka wanatuambia walisikia. Mgonjwa wa ICU anachanganyikiwa kirahisi, anaona watu ukutani, anachomoa mpira, na kinachosaidia ni usiku kuwe usiku kweli, punguza taa na kelele na hadithi za manesi, mchana fungua pazia, mrudishie miwani yake na kifaa chake cha masikio, mwambie siku na mahali alipo. Akiwa ametulia mkalishe pembeni ya kitanda hata akiwa na mpira, misuli ya mtu mahututi inaisha haraka mno, kwa wiki moja tu unaiona miguu imekonda.

Hatua ya 10: Homa ikipanda

Usikimbilie kubadili antibayotiki kabla hujachukua kalcha, kipimo cha kuotesha vijidudu. Damu sehemu 2 tofauti, makohozi, mkojo kutoka kwenye mpira mpya sio wa siku 9, ndipo dawa ianze, na kama presha imeshashuka vyote vifanyike ndani ya saa 1, dawa isisubiri maabara. Wakati huo huo zungukia milango yote, angalia kanula, mpira wa mshipa mkubwa wa shingo, mkojo, makohozi, kidonda cha upasuaji, mgongo na tumbo. Majibu yakirudi siku ya 3 mkumbushe daktari tupunguze dawa iwe ile inayolenga, tukitumia kali kwa kila mtu tunajijengea wodi yenye vijidudu visivyosikia kitu. Mwenye kijidudu sugu awe kona yake, na stethoskopu yake, kipimo chake cha presha na gauni lake.

Usafi wa wodi uende na hili. Kingo za kitanda, vitufe, meza, simu yako ya mfukoni, kila shifti. Damu ikimwagika futa kwanza, afu klorini ya 0.5%, ile ya dukani ya 3.5% unachukua kipimo 1 kwa maji vipimo 6, itengeneze upya kila siku. Na sinki la kunawia mikono usimwage mkojo wala mabaki ya dripu, kijidudu kiitwacho Pseudomonas anaishi kwenye bomba la maji machafu na anarushwa nje maji yakifunguliwa.

Umeme ukikatika

Kila kitanda kiwe na ambu yake, ule mfuko wa kukamulia hewa kwa mkono, imening'inizwa kwenye mfuko safi, sio sakafuni, sio ya kuazimana. Ukianza kukamua kamua taratibu, takriban kila sekunde 5 hadi 6 kwa mtu mzima, hofu inafanya tukamue mno. Usione kazi ya bure hiyo, ICU zilianza hivyo hivyo. Mwaka 1952 Copenhagen kulipokuwa na mlipuko wa polio daktari Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1500 wakakaa vitandani kwa zamu wakikamua mifuko ya hewa kwa mikono wiki baada ya wiki.

Na nyie ndugu wa mgonjwa

Naweni mikono mkiingia na mkitoka. Msikae kitandani, mikoba iliyokuwa sakafuni kwenye daladala isipandishwe kwenye shuka. Mwenye mafua au kuhara abaki nje leo, sio kwamba hampendi. Maji ya zamzam, maji ya baraka, mafuta ya upako, tunawaelewa kabisa, semeni na nesi mmpake mkononi au kwenye paji la uso, lakini msimdondoshee mdomoni, yanaenda mapafuni. Mleteni mswaki mlaini, miwani yake, picha ya watoto. Mshikeni mkono mumuite jina lake la nyumbani. Na mkiona mtu yeyote, mimi au daktari, anataka kumgusa bila kusafisha mikono, mna haki ya kusema, "Sista samahani, naomba usafishe mikono kwanza." Atakayekasirika mwacheni akasirike.

Hatua ya mwisho: Kukabidhi

Usiseme "kitanda cha 4 yuko stebo." Simameni wote wawili kitandani, funua shuka, gusa kila mpira mkiutaja, mfano hivi: "Kitanda cha 4, mpira wa kooni siku ya 5, kiputo 26, mswaki umepigwa saa 12 jioni, amepunguziwa usingizi asubuhi akapumua mwenyewe dakika 30, kesho wanajaribu tena. Mpira wa shingo siku ya 5, plasta ya tarehe 14, pakavu. Kanula ya mkono wa kushoto nimeitoa, palikuwa pekundu. Mpira wa mkojo nimeomba utolewe, daktari amesema kesho asubuhi, naomba umkumbushe. Kisogo nimepapasa, kizuri. Kisigino cha kulia pamebadilika rangi, nimeinua, njoo uweke mkono hapa uhisi."